Insha ya Kitabu Teule katika KCSE: Alama 20 Zinavyopatikana

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiingereza ina maswali matatu, alama 20 kila moja, kwa saa mbili na nusu. Kila insha ipe dakika 50. Tano za kwanza ni za kupanga hoja.

Katika insha ya kitabu teule, yaani kitabu cha fasihi kilichoteuliwa kwa mtihani, kwa kawaida utangulizi huwa na alama 2, hoja nne 12, hitimisho 2, lugha 4. Wengi huangukia kwenye hoja kwa sababu husimulia kisa badala ya kujibu swali. Anza aya kwa sentensi inayotaja hoja, kisha tukio, kisha linavyothibitisha dai la swali. Kwa mfano, usiandike "chifu ni katili" ukaishia hapo: taja alivyomfukuza mjane shambani, sababu yake, na yaliyompata mjane yule. Matukio yatoke mwanzo, katikati na mwisho wa kitabu. Yakitoka sura mbili za kwanza tu, mtahini atajua hukumaliza kusoma.

Mwongozo, yaani kitabu cha uchambuzi wa kitabu teule, usubiri. Soma kitabu chenyewe mara tatu: kwanza kufuata kisa, pili ukiandika mistari mitano kwa kila sura, tatu ukisaka maudhui na wahusika.