Kurudisha maandishi ya kuchongwa kwenye paneli za rubani za ndege za kivita za zamani

Herufi iliyochongwa hushika rangi kwa sababu ya kingo zake. Mfuo wenye kingo kali hupokea rangi mpya, na rangi hiyo hukatika sawasawa na uso wa paneli. Kingo zikishaliwa na msasa, hakuna rangi itakayoficha kosa hilo. Kwa hiyo msasa, brashi ya waya na dawa ya kung'arishia chuma viwe mbali na meza. Karibu kazi yote hufanywa kwa tapentaini, vijiti vya meno, kioo cha kukuzia mara 5 hadi 10, na subira.

Pima mionzi kabla ya kugusa

Baadhi ya swichi, vifundo na vibao vya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Leo huonekana ya krimu au kahawia, yenye chembechembe kama mchanga laini. Isipong'aa usidhani ni salama. Kilichochoka ni salfaidi ya zinki iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu-226 yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Pitisha kipimo cha Geiger. Kikionyesha mionzi, usikwangue, usioshe, wala usipulize vumbi, kwa maana hatari kubwa ni kuvuta au kumeza chembe. Tia kifaa kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, kiandike wazi, kihifadhi mahali penye hewa ya kutosha, kisha uliza mamlaka ya mionzi ya nchi yako. Kupaka vanishi juu yake hushikilia chembe lakini hakuzuii mionzi ya gama.

Praima ya manjano au ya kijani inayoonekana chini ya rangi huenda ina kromati, ambayo ni sumu. Hiyo nayo isipigwe msasa mkavu.

Jua kibao kimetengenezwaje

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu vibao vinavyofanana kwa macho hutaka matunzo tofauti.

Paneli ya alumini iliyopakwa rangi, ikachongwa, kisha herufi zikajazwa rangi ndiyo ya kawaida, na maelezo ya kujaza hapa chini ni yake. Kibao cha plastiki ya tabaka ni kitu kingine. Traffolyte, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1927, ni mfano mmojawapo: mchongo hupenya tabaka la juu na kufichua rangi ya tabaka la chini. Herufi zake hazikuwahi kupakwa rangi, kwa hiyo zisipakwe. Matone machache ya sabuni laini katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu na brashi ya nailoni yanatosha.

Aina ya tatu ni paneli ya akriliki inayoangazwa kwa ndani. Akriliki ina tabaka jeupe, na juu yake tabaka jeusi. Mchongo huondoa jeusi tu ili mwanga upite. Ukijaza herufi hizo rangi nzito umezizima, na usiku zitabaki giza. Weka paneli mbele ya taa kabla ya kuamua lolote. Asetoni na thina kali huyeyusha akriliki, na hata spiriti inaweza kuleta nyufa nyembamba kama nywele pale plastiki ilipokazwa na skrubu. Tumia maji ya sabuni tu.

Angalia pia herufi kwa taa ya urujuanimno (UV). Baadhi ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia ziliangazwa kwa taa za namna hiyo, na rangi ya herufi ikitoa mng'ao chini yake, nyeupe ya kawaida haitakuwa badala sahihi.

Nakili, kisha safisha

Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Halafu tandika karatasi nyembamba juu ya paneli na usugue kwa penseli laini: kila herufi, nukta na mwanya utajitokeza. Karatasi hiyo ni ushahidi wako rangi ya zamani itakapobanduka. Usisahihishe vifupisho au nafasi zinazoonekana za ajabu. Ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Kutoa rangi iliyokufa, chonga kijiti cha meno kiwe kama patasi, dondoshea herufi tapentaini, ngoja dakika 5, kisha ukokote kufuata mfuo. Sindano ya chuma hutanua herufi na kuacha mikwaruzo inayong'aa milele. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri iache ilipo, ujaze mapengo tu.

Kuchagua rangi

Kanuni ni moja: kimiminika cha kufutia kiyeyushe rangi ya herufi bila kugusa rangi ya paneli. Ikiwa paneli ina rangi ya selulosi au ya viwandani iliyokauka kabisa, jaza kwa rangi ya mafuta na ufute kwa tapentaini. Jaribu kwanza upande wa nyuma: pamba yenye tapentaini ikae dakika 2. Ikitoka na weusi, acha, tafuta njia nyingine.

Kwa ndege za Marekani, rangi hutajwa kwa namba za Federal Standard 595, orodha ya rangi ya serikali ya Marekani ambayo mwaka 2017 nafasi yake ilichukuliwa na AMS-STD-595 yenye namba zilezile. Namba 37038 ni nyeusi, 37875 ni nyeupe, na 36231 ni kijivu cha paneli za jeti nyingi. Tarakimu ya kwanza ni ya mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai. Hata hivyo nyeupe safi hupiga kelele kwenye paneli iliyozeeka. Tazama herufi iliyojificha chini ya kifundo au ukingo wa kifuniko, kisha ongeza manjano ya udongo kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti mpaka zifanane.

Kujaza na kufuta

Punguza rangi iwe na uzito wa maziwa. Rangi nzito hupita juu ya mfuo kama daraja, na kiputo cha hewa kilichobaki kwenye pembe za E au M hupasuka ikikauka. Isukume kwa kijiti hadi chini, kisha ngoja dakika 10 hadi 20, mpaka uso upoteze umajimaji.

Funga kitambaa cha pamba kwa kukaza juu ya kipande bapa cha mbao au plastiki ngumu. Kiloweshe kidogo sana. Ukikibonyeza kwenye karatasi, alama ikauke ndani ya sekunde chache. Pitisha mara moja, kimshazari, ukikata herufi badala ya kuzifuata, kisha geuza upande safi. Kitambaa kilichokunjwa mkononi huingia mfuoni na kuchota rangi, na herufi hubaki na bonde katikati. Rangi husinyaa ikikauka, basi tarajia mkono wa pili baada ya saa 24.

Ukungu mweupe kuzunguka herufi unatokana na vinyweleo vya rangi isiyong'aa kunywa rangi ya kujazia. Ikiwa paneli inapakwa upya, ziba kwanza kwa vanishi nyembamba inayong'aa, jaza, halafu malizia kwa vanishi ya maji isiyong'aa baada ya saa 72. Vanishi yenye thina kali hukunja rangi ya mafuta.

Paneli zenye rangi ya mikunjo hazifutiki hata kidogo, kwani weupe huzama kwenye mikunjo. Hizo hujazwa herufi kwa herufi, kwa brashi namba 000 au sindano butu ya bomba.

Mfuo ukiisha

Ukucha ukipita bila kukwama, rangi haitashika. Usichonge upya paneli ya asili: kifaa cha mkono huteleza, na mteleziko mmoja hukata rangi hadi kwenye chuma. Chonga nakala kwa kutumia ile karatasi ya penseli, hifadhi ya asili, na nyuma ya nakala chora neno NAKALA pamoja na mwaka. Kwa ndege ambayo bado inaruka, kibao chochote hubadilishwa kwa idhini ya fundi mwenye leseni, kwa kuwa alama nyekundu na manjano hubeba mipaka ya uendeshaji.