Unaposimamishwa na Trafiki Jijini Dar es Salaam

Askari mwenye sare nyeupe akiinua mkono mbele ya gari lako, iwe ni Tazara, Mwenge au kule Kimara, washa indiketa ya kushoto, tazama kioo, kisha sogea pembeni taratibu, kwa sababu ukikanyaga breki ghafla unaweza kugongwa na bodaboda kwa nyuma kabla hata hujaulizwa leseni. Zima injini na ushushe kioo. Makonda na madereva wa daladala hushuka mbio wakiwa na leseni mkononi, lakini wewe mwenye gari dogo huna sababu ya kushuka kabla hujatakiwa. Mazungumzo ya kunong'ona mara nyingi huanzia nyuma ya buti.

Salimia kwanza. “Habari za kazi, afande” inatosha, awe mwanamume au mwanamke. Leseni ikae mahali ambapo mkono unaifikia bila kupekua pochi nzima. Bima siku hizi huhakikiwa kwa namba ya usajili, hivyo bima iliyokwisha jana itajulikana hapo hapo. Ni vyema pia kuingiza namba hiyo mwenyewe kwenye mfumo wa madeni wa trafiki, hasa kama gari umelinunua kwa mtu, maana deni huandikwa kwenye namba ya gari na laweza kuwa la mwenye gari wa zamani.

Ukishatoa leseni, uliza kwa upole kosa ni lipi, na usikilize mpaka mwisho. Ukiambiwa umepigwa tochi, yaani kamera ya kupima mwendo, omba kuonyeshwa picha yenye namba ya gari na mwendo uliosomwa. Ikumbukwe kuwa penye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kikomo hicho hakiishi pale nyumba zinapopungua machoni mwako, bali kwenye kibao chenye 50 iliyokatwa kwa mistari. Wengi wanaokamatwa kwenye Barabara ya Morogoro, ukielekea Kibaha, huwa wamekiona kibao hicho kwa mbali na kuanza kukanyaga mafuta kabla hawajakifikia.

Mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, lakini ya gari ikabaki 30,000. Faini hailipwi mkononi kwa askari. Inatolewa kontroli namba, nawe unalipa kwa simu au benki, ndiyo maana karatasi ile ndogo inayotoka kwenye kimashine ina thamani kubwa kuliko maelezo yoyote: isome palepale, uhakikishe namba ya gari na kosa lililoandikwa ndilo ulilotajiwa. Mimi niliwahi kuandikiwa kwa taa ya breki iliyoungua. Nilipoisoma karatasi nikaona herufi moja ya namba yangu imekosewa. Nilimwonyesha askari, akacheka, akarekebisha. Ningeondoka bila kuisoma, dereva mwingine angerithi taa yangu.

Kama hukubaliani na kosa, sema hivyo bila kupandisha sauti. Faini ya papo kwa papo ni ya anayekiri, na anayekataa ana haki ya kulipeleka shauri lake mahakamani, ingawa lazima nikiri kwamba kwa kosa la shilingi 30,000 wengi huona siku za kwenda na kurudi zinawagharimu zaidi. Kuhusu “hela ya maji”, sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea. Ukiombwa, jibu fupi ni hili: “Afande, naomba uniandikie.” Halafu nyamaza. Jina au namba ya askari iliyo kwenye sare, mahali na saa vyatosha kwa taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambao simu yao ya bure ni 113.

Ukishalipa, tunza ujumbe wa malipo hadi deni litoke kwenye mfumo, na kilichokufanya uandikiwe kitengeneze siku hiyo hiyo. Balbu yangu niliinunua Kariakoo jioni ile, kwa bei ambayo hata sehemu ya kumi ya faini haikufika.