Fuata daftari la mgonjwa mmoja: namna ya kulinganisha matibabu ya nchi na nchi

Mama alipovunjika nyonga hapa Nkuhungu, Dodoma, kundi la ukoo liliwaka. Mdogo wangu aliyeko Birmingham, Uingereza, akasema kwao matibabu ni bure. Binamu wa Houston, Marekani, akajibu kwamba bure hiyo ni ya foleni. Mjomba wa Kondoa naye akadai hospitali binafsi zote ni za wafanyabiashara. Mimi nilikuwa na daftari la matumizi ya mama, nikaanza kuwauliza wote maswali yale yale. Nawe anza hivyo: chukua mgonjwa mmoja, umfuate kutoka getini mpaka dirisha la dawa.

Kwanza tenganisha hospitali ni ya nani na anayelipa ni nani. Ujerumani zipo hospitali nyingi za makampuni yanayotafuta faida, ila mlipaji mkuu ni bima ya lazima, iliyoanza kwa sheria ya 1883. Mtu mzima akilazwa hutoa euro 10 kwa siku, zisizozidi siku 28 kwa mwaka. Hapa kwetu, Mvumi ni hospitali ya kanisa. Si ya serikali, wala si ya faida. Mjomba ilibidi akubali hilo.

Pili, andika umri na aina ya shida. Hapa ndipo wengi hukosea. Uingereza, tangu 1948, kodi ndiyo hulipia tiba. Nyonga iliyovunjika hupasuliwa haraka, lakini iliyosagika kwa uzee yaweza kungoja miezi. Kwa hiyo mdogo wangu na binamu wote walikuwa sahihi, kila mmoja akiwaza mgonjwa wake. Marekani, sheria ya 1986 inazitaka hospitali zenye kitengo cha dharura zimhudumie wa dharura hata kama hana kitu, ila ankara humfuata nyumbani. Mwenye miaka 65 na kuendelea kwa kawaida ana Medicare, bima ya serikali iliyopitishwa 1965. Ukilinganisha bibi wa huko na kijana wa hapa, umepoteza muda.

Tatu, na hili nakusihi usiliruke, weka ukurasa wa vitu visivyo kwenye risiti. Mimi ni mwalimu. Nakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, na mama nimemwandikisha kwenye bima yangu. Upasuaji ulilipiwa. Lakini usiku wa pili nesi alinipa kikaratasi: dawa hii haipo, kanunue nje. Nikazunguka maduka ya dawa kwa bodaboda hadi saa tano. Ukurasa huo una dawa, nauli za bajaji za kwenda mazoezi, na fremu ya kutembelea.

Nilimuuliza mdogo wangu, kwao fremu ni shilingi ngapi? Akasema mama mmoja jirani yake aliazimwa na hospitali, akipona anairudisha. Ya mama ipo hapa mlangoni, mpira wa chini ya mguu wake mmoja umeshalika.