Riwaya ya mwezi: namna ya kuchagua kitabu kitakachosomwa mpaka mwisho

Kikundi cha kusoma hakifi kwa kukosa watu wanaopenda vitabu. Kinakufa mwezi wa tatu au wa nne, pale kinapochaguliwa kitabu chenye jina kubwa, nusu ya watu wakaishia sura ya pili, na siku ya kukutana wakaona haya kuja. Kwa hiyo kabla ya kuulizana riwaya gani ni nzuri, ulizaneni ipi watu hawa, mwezi huu, wataimaliza.

Anzeni na saa. Mmoja wenu asome kimyakimya kurasa tano za riwaya mnayoifikiria, kwa mwendo wake wa kawaida, mwengine atazame saa. Tuseme zimechukua dakika 12. Kitabu cha kurasa 240 kitataka dakika 576, yaani saa tisa na nusu na kidogo. Mkitoa siku nne za dharura, zinabaki siku 26, na kila siku inadai dakika 22. Hizo mtu anazipata baina ya magharibi na isha. Hesabu ikipanda hadi dakika 40 kwa siku, kigaweni kitabu miezi miwili, wala msione vibaya.

Hesabu ya pili ni ya nakala, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kitabu hicho hicho, watu tisa, nakala tatu: kila mmoja anapata siku tisa, karibu kurasa 27 kwa siku, zaidi ya saa nzima. Na wa mwisho anakipokea wakati wa kwanza ameshasahau nusu yake. Nakala moja kwa watu wawili ndiyo kiwango cha chini. Tafuteni kwanza Maktaba Kuu ya Maisara, mjini Unguja, kisha kwa vijana waliomaliza skuli karibuni, halafu ndiyo muagize Dar es Salaam. Agizeni wiki tatu kabla, khasa mlioko Pemba, Wete au Chake Chake, maana mzigo ukikosa boti moja unaweza kukaa bandarini siku kadhaa. Msitoe fotokopi ya kitabu kizima. Riwaya nyingi za zamani zimeadimika madukani, na mchapishaji hakirudishi kitabu mtamboni ikiwa hakuna anayekinunua.

Mkipata nakala moja tu, isomeni kwa sauti barazani. Kusoma kwa sauti ni kwa polepole zaidi, kwa hiyo dakika 576 zile zihesabuni kama 750. Mkikaa saa moja kila mara, mtahitaji vikao 13, yaani vitatu kwa wiki na kimoja cha ziada. Ni kazi, lakini hata bibi ambaye macho hayamsaidii tena anaingia kwenye mjadala sawa na wengine.

Sasa jaribio lenyewe. Chukueni riwaya tatu, na kila moja isomwe kurasa tatu kwa sauti: ya kwanza ya kitabu, moja ya katikati, na moja yenye mazungumzo mengi. Wanaosikiliza wahesabu kwa vidole maneno ambayo hapana hata mmoja anayeyajua. Mawili au matatu kwa ukurasa ni utamu, mtayatafuta katika *Kamusi la Kiswahili Fasaha* la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na kubishana kama watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanayasema vyengine. Yakizidi manane, msomaji atachoka kabla hadithi haijamshika. Halafu jambo moja dogo: msomaji akifika mwisho wa ukurasa, anyamaze, ahesabu moyoni mpaka kumi. Akitokea mtu kusema "Ee, halafu?" au "Huyu mwanamme muongo!", kitabu hicho kina uhai kwa watu hawa. Wakianza kunyoosha mkono kwenye birika la kahawa, kirudisheni, hata kama kimesifiwa na maprofesa kumi.

Msidanganywe na wembamba. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi ni kijitabu cha kuingia mfuko wa kanzu, lakini ni fumbo juu ya fumbo, na kikundi kichanga kitakiweka chini. Vivyo hivyo riwaya za baadaye za Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba, kama *Babu Alipofufuka*, ambamo waliokufa na walio hai hawatenganishwi kwa mstari ulionyooka. Ziacheni mpaka mmeshazoeana mwaka mzima.

Kwa mwezi wa kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, haijatuangusha. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake anawavuta hata wasiosoma. Hatari yake ni moja: ni hadithi ya upelelezi, na aliyeisoma zamani anaweza kuropoka. Pangeni sura ya kusimama, kila mtu aandike kwenye karatasi anayemshuku, karatasi zifungwe, zifunguliwe siku ya kikao.

Mkitaka ubishi wa kweli, chukueni *Utengano*, ya Said Ahmed Mohamed huyo huyo. Bwana Maksuudi anamfungia ndani binti yake Maimuna, binti anatoroka, na mji unampokea kwa mikono michafu. Swali la nani mwenye lawama linawagawa akinababa na akinamama mara moja, na riwaya ya kikundi ni ile inayogawa watu. Kitabu ambacho wote wanakubaliana nacho kinamaliza mazungumzo kwa dakika 20. Penye wazee waliofanya kazi bandarini, au watoto wao, *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, inayohusu mgomo wa makuli wa 1948, itafungua midomo ambayo vitabu vyengine havikuifungua.

*Vuta N'kuvute*, nayo ya Shafi Adam Shafi, inataka uangalifu wa pekee. Nakala zake ni rahisi kupatikana kwa kuwa imesomeshwa kidato cha tano na cha sita, lakini ndiyo tabu yake pia. Waliofanyia mtihani wanakuja na majibu ya mwongozo: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, basi. Wengine hawakuisoma riwaya hata wakati huo, waliusoma mwongozo. Dawa yake ni kupiga marufuku maneno hayo kwa kikao kimoja na kuuliza mambo ya mtu na mtu: Yasmin, msichana aliyeozwa mtu mzima, angebaki kwa mumewe Bwana Raza, maisha yake yangekuwaje? Denge, mpenzi wake wa baadaye, alimtendea haki? Mwajuma ni rafiki wa aina gani kwake?

*Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ina mtego wake. Wanaojua Kiingereza watataka kusoma ile ya 1994, wengine Kiswahili, na siku ya kikao kila mmoja ananukuu sentensi ambayo mwenzake haioni. Someni wote Kiswahili. Chagueni ukurasa mmoja tu wa kulinganisha, uwe wa mwisho wa kikao.

Riwaya zinazogusa utumwa, mabwana wenye mashamba na Mapinduzi ya 1964, kama *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, zisomwe, tena zisomwe khasa hapa kwetu Zanzibar. Lakini mkubaliane mapema: tunamhukumu Mwinyi Fuad, hatuhukumu ukoo wa mtu aliyekaa barazani. Mwenyekiti wa kikao hicho awe mtu anayeweza kumwambia mkubwa wake "Samahani mzee, turudi kitabuni" bila ya kumvunjia heshima. Hamna mtu huyo? Ahirisheni.

Tazameni pia kalenda. Ramadhani chagueni kifupi na mkutane baada ya tarawehe, au msiweke kitabu kabisa mpaka mfunguo mosi. Pemba, msimu wa karafuu watu wako mashamba na kwenye majamvi ya kuanikia, hapana atakayesoma kurasa 300.

Siku ya kuchagua, msianze kuuliza nani anataka kipi. Ulizeni kwanza: kipi kati ya hivi vitatu hutoweza kukimaliza? Kinachotajwa na wengi kinatoka, kisha pigeni kura kwa viwili vilivyobaki. Aliyependekeza kitabu kilichoshinda ndiye atakayeandaa maswali matatu ya kufungulia.

Wekeni mipaka kwa sura, si kwa kurasa, kwa sababu chapa ya zamani na mpya hazilingani. Siku ya 13 mmoja apige simu au aulize kwa ujumbe kila mtu amefika sura ya ngapi. Ikiwa chini ya nusu ya wanachama wamefika katikati, tangazeni siku hiyo hiyo kwamba kikao kitakuwa cha nusu ya kwanza tu, na nusu ya pili ni ya mwezi ujao.