Kuandaa data za wagonjwa kabla ya kuikabidhi kampuni ya teknolojia

Mwenzangu wa kitengo cha kumbukumbu aliombwa na kampuni ya programu data za wagonjwa "kwa majaribio". Hivi ndivyo tulivyoziandaa.

1. Uliza wanatafuta jibu la swali gani. Safuwima isiyohusu swali hilo haitoki. Mwaka 2017 mdhibiti wa data wa Uingereza aliikosoa hospitali ya Royal Free ya London kwa kuipa DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, rekodi za wagonjwa wapatao milioni 1.6 ili kujaribu programu ya figo. Hakuona kwamba wingi huo ulihitajika.

2. Futa majina, simu na anwani. Kwenye nakala, tafadhali.

3. Badilisha namba za faili za wagonjwa. Utashauriwa uzipitishe kwenye MD5 au SHA-256, fomula za kompyuta zinazogeuza namba kuwa mfululizo wa herufi zisizosomeka. Usikubali. Namba ya tarakimu nane ina uwezekano milioni 100 tu. Kompyuta ya kawaida inazipitisha zote kwenye fomula ileile, inalinganisha, na namba halisi inajitokeza. Namba za teksi za New York zilizofichwa kwa MD5 zilifichuliwa hivyo mwaka 2014.

Badala yake toa namba mpya zisizotokana na za zamani. Lakini changanya mistari kwanza, maana ukimpa 1 aliyesajiliwa mwanzo na 2 anayemfuata, umeacha mpangilio wa daftari lenu wazi. Orodha inayounganisha namba mpya na za zamani ibaki kwenu, mbali na folda ya data. Kampuni ya pili ikija, ipewe namba nyingine kabisa, la sivyo hao wawili wataweza kuunganisha walichonacho.

Kilichotula muda ni sifuri za mwanzo. Ukifungua faili kwenye Excel, 00417 inageuka 417 kimyakimya. Jedwali la maabara likiwa bado na 00417, mgonjwa mmoja anakuwa wawili, na majibu ya vipimo yanabaki hayana mwenyewe. Ndiyo maana kazi hii siifanyi kwenye Excel hata nikibembelezwa. Natumia R, programu ya takwimu, naiagiza isome namba za faili kama maandishi, kisha nahesabu wagonjwa kabla na baada. Hesabu zikitofautiana hata kwa mmoja, narudi mwanzo.

4. Tarehe. Kila mgonjwa apewe idadi yake ya siku za kusogeza, na tarehe zake zote zisogezwe kwa idadi hiyo. Nafasi kati ya hudhurio moja na jingine haitaharibika. Tarehe ya kuzaliwa igeuze umri. Waliozidi miaka 89 waweke kundi moja, kama kanuni za HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za afya, zinavyotaka.

5. Maelezo ya daktari. Msimamo wangu: hayatoki. Humo mna jina la mume, cheo cha kazini, ajali iliyotangazwa redioni. Picha za ultrasound nazo zikague moja moja, kwani jina mara nyingi limechapwa juu ya picha yenyewe.

6. Mkataba. Uwe na marufuku ya kutafuta wagonjwa ni akina nani, marufuku ya kumpa mtu wa tatu, na tarehe ya kufuta. Usitume faili kabla haujasainiwa.