Kabla hamjavaa vinyago: maandalizi ya wizi wa kimyakimya katika Payday 2

Usiku wa kwanza tulipojaribu kuiba benki kimyakimya, ukimya wetu haukufika dakika tano. Tulikuwa wanne: mimi Dar es Salaam, binamu yangu Tanga, rafiki yetu mmoja Mombasa, na kaka yake aliyeko Muscat, ambako ilikuwa saa tano usiku wakati kwetu ni saa nne. Hakuna aliyekuwa mbumbumbu wa gemu. Wote tumekulia kwenye vibanda vya kulipia, tunajua kulenga, tunajua kujificha. Tatizo letu ni kwamba kila mmoja alifanya la kwake, tena alilifanya vizuri, bila kumwambia mwenzake. King'ora kilipolia tukaanza kuulizana nani kaharibu. Jibu lilikuwa: wote, kwa pamoja.

Kwa hiyo ninayoandika hapa ni mambo ya kumaliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, kwa mtu ambaye hajawahi kuicheza au ambaye amekuwa akiicheza kwa fujo tu na sasa anataka ile njia nyingine.

Payday 2 ilitengenezwa na Overkill Software ya Sweden na ikatoka Agosti 2013. Wachezaji hadi wanne ni genge la wezi wanaovaa vinyago, wakizunguka zaidi jijini Washington, wakipokea kazi kutoka kwa mtu anayeitwa Bain ambaye sauti yake mtaisikia redioni muda wote. Kuna maduka ya vito, mabenki, maghala, majumba ya sanaa. Kazi nyingi zinafanyika kwa njia mbili: mnaweza kuingia na bunduki na kupambana na polisi wanaokuja kwa mawimbi, au mnaweza kuchukua mali na kuondoka bila mtu kujua kwamba kulikuwa na wizi. Chache, kama Shadow Raid kwenye ghala la kampuni ya ulinzi ya Murkywater, zimetengenezwa kwa ukimya tu.

Kabla hamjatoa hela, ulizaneni kila mtu anachezea nini. Wa PlayStation hawezi kuingia chumba kimoja na wa kompyuta, na nimeona watu wakiligundua hilo baada ya kununua. Ya pili ni nafasi na bando: kwenye kompyuta gemu hii inakula zaidi ya GB 80, hivyo ukiishusha kwa bando la simu la kujiunga kwa wiki utalia. Mtafute mtu mwenye intaneti ya waya, ukae kwake usiku kucha na umpelekee soda. Ya tatu itawaokolea pesa: kuna vifurushi vingi vya nyongeza vinavyouzwa pembeni, lakini kazi ya nyongeza ikiwa imenunuliwa na mwenyeji wa mchezo, wengine wanaingia nayo bure. Basi msinunue wanne kitu kimoja. Anunue mmoja, na huyo ndiye awe mwenyeji siku hiyo.

Suala la mwenyeji lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Walinzi, raia, kamera, vyote vinaendeshwa na mashine ya mtu aliyefungua mchezo, si na seva ya kampuni iliyokaa Ulaya. Umeme ukimkatikia, au intaneti yake ikiyumba mpaka akatoka, mchezo umeisha kwa wote, hata kama mifuko yote ya dhahabu iko mlangoni. Sisi tulianza kwa kumpa uenyeji binamu kwa kuwa ndiye aliyetuleta kwenye gemu, kama heshima. Umeme wa mtaani kwao ukatufundisha adabu mara mbili kwa wiki moja. Sasa mwenyeji ni yule wa Muscat, na heshima ya binamu tunaitafutia njia nyingine.

Mawasiliano. Kuandika kwenye skrini hakutoshi, maana mikono yako itakuwa na kazi. Pigeni simu ya kikundi, WhatsApp au Discord, yoyote isiyokata. Vaeni visikilizi, na hili nalisema kwa sababu za kifamilia: mama yangu alinisikia saa sita usiku nikisema, "Yule mama mlaze chini, mfunge mikono, akipiga kelele tumekwisha," akaja kugonga mlango akiwa na tochi. Kisha kubalianeni majina ya sehemu kabla hamjaanza. Ukisema "yuko pale nyuma", nyuma ipi? Sisi tunagawa jengo kwa vitu tunavyovijua: mbele ni barazani, nyuma ni uani, juu ni darini, chumba cha kamera ni kwa mjumbe, kwa kuwa ndiye anayeona kila kinachopita mtaani.

Sasa mavazi na silaha. Anayeanza hujaza koti zito la kuzuia risasi akidhani anajikinga. Kwenye wizi wa kimya koti hilo ndilo litakalokuchoma. Kwenye ukurasa wa vifaa vyako kuna namba ya hatari ya kugundulika, inayoanzia 3 na kuishia 75. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mlinzi anavyochukua muda kukushtukia. Silaha kubwa inaipandisha, koti zito linaipandisha. Vaa suti ya kawaida, chukua bastola ndogo yenye kizuia sauti na silaha ya pili nyepesi uwezavyo. Mlio mmoja wa bunduki isiyo na kizuia sauti unatosha kuamsha jengo zima, kwa hiyo hata kama unaipenda ile bunduki yako ya dhahabu, iache nyumbani. Pointi za ujuzi utakazopata ukipanda ngazi ziweke kwanza upande wa Ghost, ndipo palipo mambo ya kunyata. Na chagua ugumu wa chini kabisa, Normal. Hakuna wa kukucheka, na anayekucheka naye alianzia hapo.

Mtakapoingia hamtakuwa na vinyago. Huo ndio muda mtamu kuliko yote na ndio unaopotezwa na wengi. Kabla ya kuvaa kinyago wewe ni mteja tu. Unapita mlango wa mbele, unasimama kwenye foleni, hakuna anayekujali mradi usiingie pasiporuhusiwa. Huwezi kufyatua wala kuchukua kitu, lakini unaweza kutazama. Tembeeni wote. Hesabuni kamera na zinakoelekea. Mfuateni kila mlinzi kwa macho mpaka mjue anapita wapi na anasimama wapi. Vitu kadhaa hubadilika kila mkianza upya, hivyo ramani uliyoikariri jana isikupe kiburi. Tafuteni kadi ya mlango, tafuteni chumba cha kamera kama kipo. Kwenye kazi zenye chumba hicho, mlinzi aliyekaa mle ndani akiondolewa, kamera zote zinabaki kama mapambo ya ukutani.

Jueni pia kwamba wale wenzenu wanaoendeshwa na gemu yenyewe, wanaojaza nafasi mkiwa pungufu, hawapo kwenye wizi wa kimya. Wanatokea king'ora kikishalia. Mkiwa wawili, basi ni wawili kweli.

Halafu peja. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo kila kikundi kipya kinapozama.

Kila mlinzi ana peja, kifaa kidogo cha mawasiliano, kiunoni. Ukimuua, inaanza kulia, na una sekunde chache za kumfikia, kuinama na kushikilia kitufe cha F ili kuijibu. Mwizi wako anaiga sauti ya marehemu na kumdanganya mtu wa upande wa pili kwamba hali ni shwari. Maongezi hayo yanachukua kama sekunde 10, na ukiachia kitufe katikati, hata kwa kushtuka tu, king'ora kinalia. Kwa hiyo kabla hujafyatua, jambo la kuangalia ni sehemu utakayokuwa umeinama kwa sekunde hizo. Mlinzi akiwa katikati ya korido ambayo mwenzake anaipitia, mwache. Msubiri kwenye kona. Mchukue akiwa peke yake, na uwe karibu, maana kumpiga mtu aliye mbali na kisha kukimbilia mwili wake ni kuomba balaa.

Lakini shida kubwa ni hesabu. Mna majibu manne tu kwa kazi nzima. Si manne kwa kila mtu, manne kwa genge. Mlinzi wa tano akianguka, mtu wa upande wa pili haamini tena na kengele inapigwa hata ujibu kwa ufasaha gani. Na gemu haikuwekei namba mahali popote kwenye skrini. Usiku ule wa kwanza, mimi nilitumia moja uani nikajiona shujaa. Binamu alitumia mbili kwa mpigo darini. Wa Mombasa moja. Hakuna aliyetamka neno, kwa kuwa kila mtu alikuwa anaona aibu kuvuruga ukimya wa simu, kana kwamba walinzi wangetusikia kupitia WhatsApp. Kisha yule wa Muscat akamwangusha wake kwa ustadi mkubwa, na hiyo ilikuwa ya tano.

Dawa yake ni rahisi na inachosha: mtu mmoja ni karani wa peja. Hakuna anayemgusa mlinzi bila kuomba ruhusa, na akishajibu anataja namba kwa sauti. "Peja moja imekwenda." Karani anarudia. Kabla hamjaanza, gawaneni mapema: mbili kwa walinzi ambao lazima waondoke ili njia ifunguke, moja ya dharura, na ile ya nne msiitaje hata kwa utani mpaka mfuko wa mwisho utoke.

Mwili ukishalala, kazi haijaisha. Mlinzi mwingine akiuona, au kamera ikiuona, mambo yanakwenda mrama. Mna mifuko michache ya kubebea maiti, kwa hiyo ukimtia mtu mfukoni, mpeleke kwenye kona isiyopitwa, tena rundikeni wote sehemu moja. Usiuache mfuko mlangoni kwa kuwa tu umefungwa, maana nao unatia shaka. Vilevile mifuko ya mali: ukiirusha katikati ya korido ili uchukue mingine, mlinzi atakayepita ataiona. Chagueni mapema chumba kimoja cha kukusanyia, na mjue mifuko ya dhahabu ni mizito kiasi kwamba hukimbii nayo. Wa kubeba na wa kulinda njia wasiwe mtu mmoja.

Raia wapigieni kelele walale, kisha wafungeni kwa vile vifungo vya plastiki wanavyotumia mafundi umeme. Vifungo ni vichache, na aliyelala bila kufungwa atainuka baadaye na kukimbilia simu. Mlinzi akimwona raia aliyefungwa, naye anashtuka, basi mkishawafunga wasogezeni pasipopitwa. Msiwaue. Mbali na mengine yote, mnakatwa pesa kwa kila mmoja.

Kuna kifaa kimoja kinaitwa ECM, kinavuruga kamera na simu kwa muda mfupi. Wageni hukitumia mwanzoni kwa kuwa kinang'aa na kina mlio mzuri. Kiwekeni kwa ajili ya ile dakika ambayo raia mmoja ametoroka na hakuna aliye karibu.

Mwisho, kubalianeni mtafanya nini mkigundulika. Baadhi ya vikundi hupenda kubaki na kupigana, na kwenye kazi nyingi inawezekana, ila mkiwa mmevaa suti na bastola ndogo mtapigwa kama ngoma. Sisi tumekubaliana kwamba king'ora kikilia, mwenyeji anaanzisha upya, na hakuna anayeuliza nani mpaka tumalize usiku. Maswali hayo tunayaweka kwa ajili ya kesho mchana, kila mtu akiwa kazini kwake na amepoa.

Usiku wa tatu tulikuwa benki ileile. Mifuko miwili ilikuwa bado ndani. Binamu alikuwa amebana nyuma ya mlango wa stoo, mlinzi anakuja upande wake taratibu, akikaribia kiasi cha kuona nembo begani kwake. Simu ikatulia. Binamu akanong'ona, "Ngapi?" Karani akajibu, "Tatu." Kimya. Nikasikia anapumua. Mlinzi akafika mlangoni, akasimama, akageuza shingo kulia, kisha akaendelea na njia yake, na binamu akatoka stoo nyuma yake na mfuko begani, akitembea.