Ganzi ya kemo mikononi na miguuni: fanya hivi

Kama uko kwenye kemo (dawa za kutibu saratani) na vidole vimeanza kufa ganzi au nyayo zinawaka moto usiku, mwambie daktari kabla hujawekewa dripu inayofuata. Wengi wananyamaza wakiogopa watakatishiwa matibabu, lakini jamani hapo ndo penye tiba yenyewe, maana dawa ya kurudisha neva (mshipa wa fahamu) iliyoharibika bado haipo, kinachowezekana ni kupunguza dozi, kuisogeza mbele au kubadilisha dawa mapema.

Na usiseme tu "miguu inauma". Sema nashindwa kufunga vifungo vya shati, ndala inanivuka sina habari, najikwaa kwenye ngazi. Hayo ndo yanamwonyesha daktari ukubwa wa tatizo.

Uliza pia jina la dawa unayopewa. Paclitaxel, vincristine, cisplatin na oxaliplatin zote zinajulikana kwa hili. Oxaliplatin ina la kwake, kuanzia siku ya dripu hadi siku chache baadaye ukishika kitu cha friji au ukinywa maji baridi vidole na koo vinachoma kama shoti, kwa hiyo maji ya uvuguvugu tu na glavu. Hiyo na cisplatin, ganzi inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa hata kemo ikiisha.

Kwa maumivu, dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni duloxetine, kawaida 30 mg kwa siku wiki ya kwanza halafu 60, kwa cheti cha daktari, na usiiache ghafla. Mwambie kama unameza tamoxifen (dawa ya saratani ya matiti) au tramadol (dawa ya maumivu), haziendani nayo vizuri. Mambo ya kujinunulia vitamini B famasi achana nayo, B6 ikizidi inaharibu neva zilezile unazotaka kuziponya.

Nyumbani: maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, au mtu mwingine akupimie, na tafadhali usikande miguu kwa maji ya moto hata bibi akisisitiza, utaungua bila kujua. Vaa viatu vya kufunika, kila jioni kagua nyayo kwa kioo kama kuna kidonda, hasa ukiwa na kisukari. Tembea kila siku, fanya zoezi la kusimama mguu mmoja huku umeshika meza.

Miguu ikiishiwa nguvu ghafla au mkojo ukikutoka wenyewe, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali muda huohuo.